Nimemsamehe, Ila Asinisogelee

Mtaa mzima wa Sikukuu ulijua Fundi Theo amemsamehe Hyasinta, kwa sababu Fundi Theo mwenyewe ndiye aliyekuwa anautangazia. Aliwaambia wateja waliokuja kupimwa suruali, akamwambia muuza mkaa, na kila Alhamisi jioni aliikumbusha jumuiya baada ya maombi. "Yule mimi nimeshamsamehe. Moyoni sina kitu. Ila asinisogelee."

Sasa hiyo "ila" ndiyo iliyokuwa inafanya kazi yote. Siku hizi ungesema kambloku. Mwaka themanini na tatu kitufe hicho kilikuwa hakijafika Kariakoo, ikabidi mtu ambloku mwenzake kwa mwili. Hyasinta akitokea uani na ndoo, Theopista, huyo Fundi Theo mwenyewe, anageukia ukutani kama anayetafuta sindano. Na wanakaa nyumba moja, ukumbi mmoja, bomba moja, choo kimoja. Tangu mwezi wa sita hawajasalimiana. Jaribu uone kama ni kazi nyepesi.

Theopista alikuwa mwanamke wa Kichaga, wa Kibosho, mrefu, mkavu, mke wa dereva wa malori ya Zambia ambaye nyumbani alikuwa anaonekana kama mwezi mwandamo. Barazani kwa Bi Sabaha, mwenye nyumba, ndipo alipokuwa ameweka cherehani yake ya miguu, na ukutani leseni yake ya ufundi iko kwenye fremu, bega kwa bega na Bikira Maria. Misa ya asubuhi hakosi. Rozari anayo ya nyumbani na ya safari. Kwaresima alikuwa anafunga mpaka hata mkaa wa pasi unamwonea huruma. Ungemuuliza mtu yeyote pale mtaani nani amekomaa kwenye dini, angekuonyesha baraza hilo, na Theopista asingekukatalia.

Hyasinta yeye alikuwa binti wa Songea, mjane mdogo. Mumewe alikuwa kuli wa bandarini, homa ikamchukua, akaachwa na kile chumba cha nyuma jirani na choo. Theopista alimkaribisha barazani, akawa anashona vifungo, anapiga pindo, anafumua palipokosewa. Walikuwa wanapiga soga siku nzima, mmoja akimtania mwenzake kwa ulaji wa ndizi, mwenzake akijibu kwa ulaji wa panya. Raha tupu.

Halafu ikaja ile operesheni ya wahujumu uchumi. Wakati ule ukikutwa na sabuni nyingi kuliko uchafu wako, una kesi ya kujibu. Watu walikuwa wanatupa mali zao wenyewe. Sukari mitaroni, na kule bondeni Jangwani vitenge vinaelea kwenye maji ya masika kama vimeanikwa na majini.

Theopista alikuwa na jora zima la kitambaa cheupe chini ya kitanda, na halali kabisa. Parokia iliomba, kibali kikatoka, muhuri juu ya muhuri. Lilikuwa la magauni ya watoto wa komunyo ya kwanza. Jumapili moja yeye yuko misani, kibali kiko kwenye mkoba wake, ufunguo wa chumba kamwachia Hyasinta apige pasi. Filimbi ya mgambo ikalia kona ya Narung'ombe.

Hyasinta hakuuliza. Angemuuliza nani? Alilivuta jora, akakimbia nalo chooni. Likakataa kuingia kwenye tundu. Akalikunjua, akawa analisukuma chini kwa mpini wa ufagio, kidogo kidogo, kama anayemlisha ng'ombe asiyeshiba. Mgambo wakapita zao. Hata mlango wa Bi Sabaha hawakuugusa.

Mpaka hapo ni ujinga, na ujinga una dawa. Kilichoharibu ni kwamba Theopista aliporudi akauliza jora liko wapi, Hyasinta aliangalia chini akasema, "Sijui, dada. Labda mgambo."

Theopista akaenda kwa mgambo na kibali chake kudai. Wakamcheka. Nyumba hiyo hatukuingia, mama. Basi kama mgambo hawakuchukua, na mwenye ufunguo ni fundi, jora limeenda wapi? Kariakoo swali kama hilo lina jibu moja tu: limelanguliwa. Sikukuu ya Ekaristi ilipofika watoto wakapanga mstari na magauni ya kuazima, moja la njano, jingine la maua, na wazazi wakawa wanamwangalia fundi badala ya altare. Jumuiya ikamwomba "apumzike" uenyekiti. Kiti akapewa Severa, mke wa mwenye duka la jumla, mama wa Rombo mwenye sauti ya kengele ya shule. Na muda wote huo Hyasinta amekaa kwenye kigoda pembeni yake, anashona vifungo, kimya.

Mwisho wa mwezi wa sita choo kikajaa. Bi Sabaha akaita watu wa kutapisha. Ndoo ya kwanza ikatoka na kitu kirefu, wakakivuta, kikaja, kikaendelea kuja. Nyumba nzima imesimama uani na khanga puani. Hyasinta akapiga magoti pale bombani akasema yote.

"Nimekusamehe," Theopista akasema, kwa sauti ya misa, kila mtu asikie. Kisha akaenda barazani akakitoa kile kigoda, akakiweka nje.

Kuanzia siku hiyo akawa mtakatifu wa mtaa. Wazazi waliokuwa wanamnong'ona wakaja kumpa pole na mikungu ya ndizi. Hyasinta yeye akaanza kukaanga karanga na kuzifunga kwenye karatasi, anatembeza Mnazi Mmoja, hana leseni, hana kitambulisho, hana mtu.

*

Mwezi wa kumi na moja ikaja operesheni nyingine, ya nguvu kazi. Serikali ilisema kila mtu mwenye nguvu afanye kazi, na asiyekuwa na kazi mjini basi jembe linamsubiri kijijini. Kwa maneno, safi. Kwa vitendo, mgambo wanazunguka: kitambulisho cha kazi kiko wapi? Huna? Panda gari. Watu walipakiwa wamevaa kandambili, wameacha maharage jikoni, wakateremshwa kwenye mashamba ambayo hata jina hawalijui.

Alhamisi ile jumuiya ilisali barazani kwa Theopista. Walikuwa ndio wanamaliza, Severa anagawa zamu za kufagia kanisa, alipoingia Mzee Shaibu, balozi wa nyumba kumi, mtu wa Newala, kofia yake ya kiua kichwani na fimbo mkononi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, wanangu. Sitaki kuwakatiza. Nimekuja kusema kesho asubuhi wanaingia mtaa wetu. Mwenye kitambulisho alale nacho. Asiye nacho awe na mtu wa kumsimamia, mwajiri mwenye leseni, aseme huyu ni wangu. Mimi nitakuwepo kuwatambulisha watu wangu. Na uongo sisemi, mnanijua."

Hapo ndipo Hyasinta alipotokea kutoka uani. Amejifunga khanga mbili, na mkononi ameshika jani moja refu, kwa mikono yote miwili, kama mtu aliyebeba mshumaa kwenye upepo.

Theopista akalijua alilokusudia kabla hajafungua mdomo. Yeye mwenyewe ndiye aliyemsimulia, enzi za vifungo na soga: kwetu, mtu aliyekukosea akikuletea jani la isale, umekwisha. Hata kama alikuchomea nyumba, hata kama alikuibia ng'ombe, ukishaletewa isale huna ujanja, unasamehe. Kulikataa ni laana.

"Dada Theo," Hyasinta akasema. Akalinyoosha jani mbele. "Nimekuja kama mnavyofanyana kwenu."

Mikono ya Theopista ikabaki mapajani. Wachaga waliokuwepo wote walikuwa wanamwangalia, na yeye analiangalia lile jani, na jani linamsogelea.

"Hebu," Severa akasema. Akalichukua, akaligeuza kwenye mwanga wa mlangoni. "Umelitoa wapi hili, mdogo wangu?"

"Mjini. Kwenye ofisi moja, nje, wameotesha kwenye mapipa."

"Nilijua. Hili ni pambo. Isale ni kijani tupu. Isale gani hii ina mistari ya njano, ya Yanga?"

Watu wakacheka. Hawakucheka kwa ubaya, lakini walicheka, na mama mmoja akaongeza kwamba kwa jani hilo labda aombe msamaha kule Jangwani, kwa wachezaji. Hyasinta akabaki amesimama, mikono bado imekaa mkao wa kushika kitu.

Na Theopista? Theopista alipumua. Kifua kilichokuwa kimebana kikaachia, kama mtu aliyeponea chupuchupu kugongwa na baiskeli. Hilo lilimshangaza hata yeye, lakini hakulipa nafasi.

"Kama si isale, basi hakuna kilicholetwa," akasema. "Na mimi nilishakusamehe siku nyingi, Hyasinta. Huna haja ya kuhangaika na majani. Nenda kalale."

Mzee Shaibu alikuwa bado amesimama. "Fundi, nikuulize moja kwa sababu ya kesho. Huyu alikuwa anafanya kazi hapa kwako. Bado ni wako?"

Swali dogo. Karibu watu wote wa jumuiya walikuwa wanasikiliza. Theopista akanyoosha gauni lake magotini.

"Hapana, mzee. Hana kazi kwangu."

Na ilikuwa kweli, huwezi kumlaumu kwa uongo. Hyasinta akageuka akaingia ndani. Jani likabaki kwenye benchi, na wageni walipoondoka Theopista akaliokota kwa ncha za vidole, akaenda nalo uani, akalitumbukiza chooni.

*

Asubuhi alirudi kutoka misani, akakaa kwenye cherehani, akaanza suruali ya kaki. Mshono ukamkatalia. Akafumua. Akashona tena, ukakataa tena. Barabarani filimbi zilikuwa zinalia, safari hii karibu, na miguu inakimbia. Yeye leseni yake ipo ukutani. Hakuinua kichwa.

Bi Sabaha akatoka ukumbini anajikongoja. Miguu yake ilikuwa imevimba tangu mfungo, kila hatua anaihesabia maumivu.

"Wamemchukua," akasema.

"Nani?"

"Usiniulize nani, Theopista. Kwenye foleni ya sukari, hapo duka la kaya. Nilimtuma mimi, anichukulie na ya kwangu. Wamempeleka Mnazi Mmoja, magari yako hapo yanapakia."

Theopista aliushika uzi, akaukata kwa meno. "Maskini. Nitamwombea."

"Utamwombea."

"Ndio, bibi. Mungu hamtupi mja wake."

"Hamtupi, kweli." Bi Sabaha akajishusha kwenye benchi taratibu. "Mimi dini yenu siijui, usije ukasema nakufundisha. Lakini hebu niambie. Ukishamwomba, Mungu atamtuma nani aende Mnazi Mmoja? Mimi? Na miguu hii?"

Theopista aliinuka kwenye mashine. Aliingia chumbani, akafunga mlango, akapiga magoti. Akaanza Baba Yetu, sala anayoisema tangu hajaota meno ya mbele, inayotoka yenyewe kama maji. Akafika pale kwenye kusamehe. Akakwama.

Akaanza upya. Akakwama palepale.

Sasa huyu ni mtu wa rozari mbili. Alishawaongoza watu wazima kusali usiku kucha. Na amepiga magoti pembeni ya kitanda, sala ya watoto wa mafundisho inamshinda kuimaliza. Alijaribu kuiruka ile sehemu, aende mbele, amalizie na amina. Mdomo ukagoma. Na kwenye ukimya ule akakisikia kitu ambacho mashine na soga na misa vilikuwa vinakifunika: jana, Severa aliposema lile si isale, yeye alifurahi. Alifurahi kwamba hakulazimika. Miezi yote hii alikuwa anasema amesamehe, na kumbe alikuwa anangoja sababu.

Yeye fundi. Anajua gauni la komunyo linamtosha mtoto mwaka mmoja. Mama mwenye akili anakuambia acha pindo, mtoto anakua. Yeye gauni lake la imani alikuwa bado amelivaa lilelile, limembana kwapani, na anajiona amependeza.

Aliinuka bila amina. Akaitoa leseni ukutani na fremu yake, akaibana kwapani, akatoka.

*

Kutoka Sikukuu mpaka Mnazi Mmoja si mbali, lakini siku hiyo kila kona ilikuwa na watu wanaokimbilia upande ambao yeye anatoka. Alipita katikati yao mbiombio, kitambaa cha kichwa kimelegea, pembe ya fremu inamchoma mbavuni.

Uwanjani malori matatu yalikuwa yanaunguruma. Moja limeshajaa, watu wamesimama wameshikana mabega. Wengine wamekalishwa chini mistari mistari kwenye jua, na katikati yao anatembea kamanda wa mgambo, kijana mnene mwenye kirungu na sare iliyopauka. Mzee Shaibu yuko pembeni na mabalozi wenzake.

"Mzee Shaibu. Shikamoo. Hyasinta ni wangu."

Mzee alimwangalia yeye, akaiangalia fremu. "Fundi. Jana nilikuuliza mbele ya kanisa lako lote. Ukasema hana kazi kwako."

"Nilisema."

"Sasa ulidanganya jana au unadanganya leo? Mimi hapa nimesimama kwa dhamana. Nikisema neno, ni neno."

"Jana hakuwa na kazi kwangu. Leo anaanza."

"Leo saa hii, lori likishawashwa."

"Saa hii, mzee. Na kesho atakuwepo, na keshokutwa. Sisemi ili atoke tu."

Mzee Shaibu akavuta ndevu zake. Alikuwa mtu mzito kama jiwe la kusagia, lakini jiwe likishaanza kuzunguka linazunguka. Akamwendea kamanda, wakaongea, kamanda akaja anapigapiga kirungu kwenye paja.

"Wewe ndugu ndiye mwenye leseni? Haya, mwite mtu wako. Haraka."

Theopista akaita. Hyasinta alikuwa mstari wa tatu, amekaa kwenye vumbi, mfuko wa sukari wa Bi Sabaha mtupu mapajani. Aliinua uso. Hakuinuka.

"Ndugu, unaitwa," kamanda akasema. "Huyu ni mwajiri wako?"

"Hapana," Hyasinta akasema. "Mimi si fundi wake. Alishanikataa."

Kamanda akamgeukia Theopista. Lori la pili lilikuwa linaanza kupakia, kirungu kinagonga ubavu wa bodi, panda, panda, sogeeni. Mstari wa kwanza ukainuka. Halafu wa pili.

"Hyasinta, mdogo wangu, usifanye hivyo. Inuka."

"Ili nikakae wapi, dada? Nikakae nje ya baraza, ugeukie ukutani nikipita? Heri shambani. Shambani nitalima na watu wananisalimia."

Watu waliokaa karibu walianza kusikiliza. Kwenye shida mtu anasikiliza chochote. Theopista alikuwa amejiandaa kutoa. Alikuwa amekuja kumwokoa mtu, na njiani kote alikuwa ameshamwona Hyasinta analia mikononi mwake kwa shukrani. Hakujiandaa kuomba. Akasogea mpaka kwenye mstari, akachuchumaa, fremu ikaanguka kwenye vumbi.

"Sikukusamehe," akasema. Ilitoka polepole, kama mwiba. "Nilisema tu. Mtaa mzima niliudanganya, na Mungu nikamdanganya. Walipokuwa wananipa pole nilikuwa nafurahi. Nilikaa kwenye lile kosa lako kama kwenye kiti cha uenyekiti. Ukiondoka leo, nitabaki nacho maisha yangu yote."

Hyasinta alikuwa anamwangalia, macho makavu.

"Nisamehe," Theopista akasema.

"Uliniacha nichekwe na watu."

"Nilikuacha."

"Jani langu ulilifanya nini?"

Kulikuwa na jibu zuri na jibu la kweli. "Nililitupa chooni."

Kona moja ya mdomo wa Hyasinta ikacheza. "Shimo lilelile?"

"Lilelile."

"Basi choo cha Bi Sabaha kimekula vya wote wawili." Mtu mmoja nyuma yake akaguna kicheko. Hyasinta akafuta pua kwa upindo wa khanga. "Mimi niliogopa, dada. Ile siku. Na kila siku iliyofuata ndiyo nikazidi kuogopa."

"Najua. Mimi jana pia niliogopa. Na ni kakitu kadogo tu, jani."

"Mmemaliza?" kamanda akauliza. "Maana hapa si kanisani."

Hyasinta akaweka mkono kwenye bega la Theopista, akainuka kwa kulilalia, uzito wake wote. "Ni mwajiri wangu," akasema.

Kamanda aliwatazama mmoja mmoja. Hakupendezwa. Akaokota leseni, akaisoma juu ya kioo kilichopasuka, akamtupia Theopista. "Jumatatu napita mtaani kwenu. Nikimkosa anashona, nampakia yeye, na wewe pembeni yake. Mzee Shaibu, umesikia."

"Nimesikia."

Walirudi nyumbani. Usifikiri walishikana mikono. Kila mtu alitembea upande wake wa mtaro. Walipofika Narung'ombe Hyasinta akaanza kuimba puani, wimbo wa kwao, na Theopista akastuka kugundua kwamba uimbaji huo unamkera kama zamani, kwamba jora bado linamuuma, kwamba hakuna kilichoyeyuka. Alitegemea kiyeyuke. Alikaza mwendo, kisha akaupunguza, akamsubiri.

*

Jumatatu kamanda alikuja, na sehemu ya mtaa ikaja nyuma yake kwa mbali, inajifanya ina safari zake. Severa alikuwa mlangoni mwa duka lao anafagia mahali pasafi. Barazani Theopista yuko kwenye mashine, Hyasinta chini yake anashona kifungo.

"Vifungo hata mimi nashona," kamanda akasema. Akatoa kwenye mfuko suruali ya sare, imepasuka nyuma, kuanzia mkandani mpaka pasipotajika. Hakuna aliyethubutu kucheka. "Leseni inasema fundi cherehani. Akae kwenye cherehani."

Hyasinta akakauka na sindano mkononi. Hajawahi kuigusa mashine ile. Hakuna aliyewahi. Mume wa Theopista alitaka siku moja kuitia mafuta tu, akaambiwa abaki na lori lake.

"Nipe mimi, afande, nitaishona mara moja," ndilo lililomfikia Theopista mdomoni. Suruali ingetoka imenyooka, kamanda angeondoka ameridhika na suruali. Na Hyasinta angebaki mtu wa kigoda, anayeishi kwa hisani, mpaka operesheni itakayofuata.

Theopista akasimama. Akatoka kwenye kiti.

"Kaa," akamwambia Hyasinta.

"Dada, mimi siwezi."

"Najua. Kaa."

Hyasinta akakaa. Mguu ukakanyaga, gurudumu likazunguka kinyume, uzi ukakatika. Kamanda akainua nyusi. "Kumbe hajui."

"Hajui," Theopista akasema. "Anajifunza. Afande ulisema umkute anashona, hukusema amehitimu." Akainama, akatunga uzi upya. "Gurudumu livute kwako kwanza. Hivyo. Kisigino, halafu vidole. Usisukume kitambaa, kiache kiende chenyewe."

Mashine ikakohoa, ikakamata. Mshono ukaanza kutembea, ukapinda kushoto, ukarudi, ukapinda tena. Kila ulipopinda mikono ya Theopista ilinyanyuka yenyewe kuipora suruali, naye anaishusha. Aliishia kuikunja nyuma ya mgongo. Hyasinta alikuwa anahema kama anapanda mlima. Mtaa mzima umenyamaza, hata ufagio wa Severa.

Uzi ukafika mwisho. Hyasinta akaukata, akampa kamanda suruali bila kumwangalia.

Kamanda aliigeuza ndani nje. Akaushika mshono kwa mikono miwili, akauvuta kwa nguvu zake zote, mara mbili, mishipa ya shingo imemtoka. Haukuachia.

"Umepinda kama njia ya Lushoto," akasema.

"Umeshika," Theopista akasema.

Kamanda akaikunja suruali, akaibana kwapani, akashuka barazani. Watu wakakumbuka safari zao. Hyasinta akatelezesha mguu kutoka kwenye mashine, anataka kuinuka arudi chini, na Theopista akamrushia mapajani suruali ya kaki, ile iliyomkatalia Ijumaa.

"Hiyo nayo. Na usikanyage hivyo, utanivunjia sindano, sindano zenyewe hazipatikani."

Sindano ikavunjika.

Theopista alifumba macho. Midomo yake ilikuwa inatembea, kimyakimya, na safari hii ikafika mpaka amina. Halafu akavuta droo akatoa nyingine.